Maswali na Majibu: Likizo Iliyoharibikia Hotelini

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tulijinyima kwa muda mrefu ili tupate likizo fupi katika jiji kubwa ambalo tulikuwa tukilisikia tu. Tulichagua hoteli kongwe iliyo katikati ya jiji kwa sababu picha zake zilitupendeza: ukumbi wa mapokezi wenye nguzo za marumaru, ngazi pana na taa kubwa zinazoning'inia darini. Ukumbi ule tuliukuta kama ulivyokuwa kwenye picha. Chumba ndicho kilichotuvunja moyo. Kilikuwa nyuma ya jengo, na dirisha lake lilitazamana na ukuta wa hoteli hiyohiyo, hata mchana ikatubidi kuwasha taa. Bafu lilikuwa dogo kiasi kwamba mlango wake uligonga sinki kabla ya kufunguka wote. Maji ya moto yalikuja na kukatika. Kiyoyozi kilitoa upepo usio na ubaridi wowote, na tulipouliza tukajibiwa kwamba mfumo wa baridi bado haujawashwa kwa msimu huu, jibu ambalo sijalielewa hadi leo. Usiku tulisikia mazungumzo ya chumba cha jirani na maji yake kila alipooga. Juu ya kitanda, kwenye kona ya dari, palikuwa na doa jeusi la unyevu lililonuka ukungu.

Usiku wa kwanza nilizungumza na kijana wa mapokezi, naye akasema hoteli imejaa. Mume wangu hapendi ugomvi, akaniomba tuvumilie. Tulivumilia hadi siku ya kuondoka, na hapo tukakuta kwenye hesabu ada ya ziada kwa huduma ambazo hatukuzitumia, ada ambayo hatukuiona popote tulipoweka nafasi. Baada ya kurudi nyumbani niliiandikia hoteli barua ndefu. Nikajibiwa kwa mistari michache kwamba wanasikitika, kwamba jengo ni la kihistoria, na kwamba wageni wengi huvutiwa na hali hiyo. Je, tulikosea kutarajia zaidi kutoka kwa hoteli ya zamani? Na je, bado ipo njia ya kurejeshewa sehemu ya fedha zetu?

Msomaji aliyevunjika moyo

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa likizo mliyoisubiri kwa kujinyima na ambayo haikuwapa mlichokitafuta. Hamkukosea kutarajia. Jibu mlilopewa limeweka katika kapu moja mambo matatu yasiyofanana: yale yanayotokana na umri wa jengo, yale yanayotokana na uzembe wa wanaolitunza, na yale mliyouziwa bila kuelezwa. Mambo ya kwanza mgeni anaweza kuombwa ayavumilie, iwapo aliambiwa mapema. Mengine mawili hakuna historia inayoyahalalisha.

Nianze na umri. Hoteli nyingi kubwa za katikati ya miji zilijengwa kabla ya viyoyozi kuwepo vyumbani. Mhandisi wa Marekani Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, tena kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, na ilipita miongo mingi kabla ya ubaridi huo kufika kwenye vyumba vya kawaida vya wageni. Kabla ya hapo kila chumba kilihitaji dirisha la kupitisha hewa na mwanga. Kwa hiyo wasanifu walichora majengo yenye nyua ndefu za ndani, na vyumba vikapangwa pande zote mbili za ujia, vingine vikitazama barabara na vingine vikitazama ndani. Chumba chenu kilikuwa cha ndani tangu siku kilipojengwa. Hakuna fundi anayeweza kukigeuza kitazame barabarani.

Bafu nalo lina habari yake. Katika hoteli za karne ya 19 wageni wengi walitumia mabafu ya pamoja yaliyokuwa kwenye ujia. Mwaka 1908, katika mji wa Buffalo nchini Marekani, Ellsworth Statler alifungua hoteli ambayo kila chumba kilikuwa na bafu lake, na ili kupunguza gharama aliyapanga mabafu ya vyumba viwili yakipeana mgongo, mabomba ya vyote viwili yakipanda katika njia moja ya wima kutoka ghorofa hadi ghorofa. Mpango huo uliigwa kwa wingi, na mpaka leo ndiyo sababu mgeni husikia jirani akioga. Hoteli zilizokuwa zimejengwa kabla ya hapo zililazimika kuwafuata washindani wao kwa kumega kabati au kona ya chumba na kuifanya bafu. Mlango unaogonga sinki kwa kawaida ni alama ya bafu la namna hiyo.

Hata jibu la kiyoyozi, ambalo liliwashangaza, yumkini lilikuwa la kweli. Katika majengo mengi ya zamani kiyoyozi cha chumbani si mashine inayojitegemea, bali ni feni inayopuliza hewa juu ya mabomba yenye maji, na maji hayo hutoka kwenye mtambo mmoja unaolisha jengo zima. Mfumo ukiwa na mabomba mawili tu, moja la kuleta maji na jingine la kuyarudisha, jengo lote huwa ama na maji ya moto ama na maji ya baridi, kamwe si yote mawili kwa wakati mmoja. Kuhama kutoka joto kwenda baridi ni kazi ya mafundi, na hufanywa majira yanapobadilika. Ikitokea siku za joto zimekuja mapema, wageni hukaa katika vyumba visivyopoa ingawa kifaa kilichopo ukutani kinawaruhusu kuchagua nyuzi wanazotaka. Kijana wa mapokezi hakuwadanganya. Kosa ni la hoteli iliyojua jambo hilo tangu mlipoweka nafasi, isiseme neno, wala isiwaletee hata feni ya kusimama.

Sasa nije kwenye yale ambayo nayaita uzembe bila kusita. Doa jeusi lenye harufu juu ya kitanda halisababishwi na umri. Linasababishwa na maji yanayovuja kutoka bomba la juu au paa, na ambayo hayakuzibwa kwa muda wa kutosha hata ukungu ukaota. Mhudumu anayetandika kitanda kila siku hulitazama doa hilo, na kuna uwezekano mkubwa kwamba amewahi kuliripoti. Chumba chenye hali hiyo kilipaswa kuondolewa kwenye orodha ya vyumba vya kuuzwa mpaka kitengenezwe.

Maji ya moto yanayokatika nayo hayastahili kuchukuliwa kuwa usumbufu mdogo. Bakteria aina ya Legionella huzaliana kwenye maji ya uvuguvugu, takribani kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, na kinga inayotumiwa na wahandisi ni kuhifadhi maji ya moto kwenye nyuzi 60 au zaidi na kuhakikisha kwamba yanazunguka kwenye mabomba bila kusimama. Bakteria hao walipata jina lao kutokana na mkasa uliotokea Julai 1976 katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, jengo maarufu lililofunguliwa mwaka 1904. Wanajeshi wa zamani wa chama cha American Legion waliokusanyika hapo kwa mkutano walianza kuugua homa kali ya mapafu, watu zaidi ya 200 wakapatwa na zaidi ya 25 wakafa, na wanasayansi hawakumtambua bakteria mwenyewe hadi Januari 1977. Mtambo wa kupooza hewa ndio ulioshukiwa zaidi. Sisemi kwamba hoteli yenu ilikuwa na hatari hiyo. Ninasema kwamba hoteli isiyoweza kueleza kwa nini maji yake ya moto hayatulii haijatimiza wajibu wake kwa wageni.

Linabaki jambo la tatu, nalo ndilo linaloniuma zaidi kwa niaba yenu. Hoteli mpya huwa na vyumba vinavyofanana kutoka ghorofa moja hadi nyingine, lakini hoteli kongwe huwa na vyumba vya kila namna, vipana na vyembamba, vya nje na vya ndani, vyote vikiuzwa chini ya jina moja la chumba cha kawaida. Wenye hoteli wanafahamu kwa namba ni vipi vinavyotazama ukuta. Mgeni hafahamu. Kuonyesha marumaru ya ukumbi na kunyamaza kuhusu dirisha ni kumnyima mtu habari ambayo ingebadilisha uamuzi wake, na kumwambia baadaye kwamba wengine huvutiwa na hali hiyo ni kumkosea mara ya pili. Ada ya ziada ni ya namna hiyohiyo. Nchini Marekani, ambako ada hizi zilizoea kuchipuka mwishoni mwa hesabu, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitunga kanuni iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025, inayozitaka hoteli zionyeshe tangu mwanzo bei kamili pamoja na kila ada ambayo mgeni hawezi kuikwepa. Nchi nyingine zina sheria zao kuhusu bei inayotangazwa, na inafaa msome zile za nchi mliyoitembelea kabla ya kuandika tena.

Kuhusu kuvumilia: mumeo asilaumiwe, maana wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kulalamika ugenini ni utovu wa adabu. Hata hivyo, malalamiko yanayotolewa kwa sauti ya kawaida, kwa mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha, wakati bado kuna usiku wa kurekebishwa, si ugomvi hata kidogo. Mtu huyo kwa kawaida si yule anayekaa mapokezi usiku, ambaye mara nyingi haruhusiwi hata kupunguza bei. Ni meneja wa zamu. Mwombe aje mwenyewe chumbani aone doa na afungue bomba, kwa sababu aliyeona kwa macho yake hawezi kuandika baadaye kwamba hakukuwa na tatizo. Akisema hoteli imejaa, huenda ni kweli kwa usiku huo, lakini asubuhi wageni huondoka na vyumba huachwa wazi, kwa hiyo ombi la kuhamishwa linapaswa kuwasilishwa mapema asubuhi, kabla orodha ya wanaowasili haijapangiwa vyumba. Kisha mwandikie ujumbe mfupi wa kuthibitisha mliyozungumza, wenye tarehe na saa. Ujumbe huo utakuwa na thamani kuliko barua ndefu inayoandikwa baada ya safari.

Je, mmechelewa? Si kabisa. Inategemea nani aliwauzia. Ikiwa mlinunua usafiri na malazi kwa pamoja kutoka kwa kampuni moja ya utalii, dai lenu ni kwa kampuni hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Maelekezo namba 2015/2302, yanayotumika tangu Julai 2018, yanamfanya mwandaaji wa safari awajibike kwa huduma zote zilizomo, na yanampa msafiri haki ya kupunguziwa bei pale huduma inapopungua, ingawa pia yanamtaka msafiri aripoti kasoro bila kuchelewa. Uingereza ina kanuni zinazofanana.

Tena huko Uingereza ipo hukumu ambayo ningependa muijue, kwa kuwa inagusa kile hasa mlichokipoteza. Katika kesi ya Jarvis dhidi ya Swans Tours, iliyoingia kwenye vitabu vya sheria mwaka 1973, msafiri mmoja alikuwa amelipa pauni 63.45 kwa likizo ya majuma mawili ya majira ya baridi nchini Uswisi, baada ya kuahidiwa ushirika wa wageni wengine na mwenyeji anayezungumza Kiingereza. Juma la pili alijikuta mgeni pekee, na mwenyeji hakukijua Kiingereza. Mahakama ya chini ilimpa takribani nusu ya alicholipa. Mahakama ya Rufani, ambamo Lord Denning alikuwa mmoja wa majaji, ilipandisha fidia hadi pauni 125, karibu maradufu ya bei ya safari nzima, ikisema kwamba anayeuza burudani na asiitoe anaweza kulipishwa kwa kuvunjika moyo kwa mnunuzi. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za kila nchi, lakini inaonyesha kwamba majonzi ya likizo iliyoharibika yamewahi kupimwa na majaji na kuonekana kuwa hasara ya kweli.

Ikiwa mliweka nafasi moja kwa moja au kupitia wakala wa mtandaoni, na mkalipa kwa kadi, iulizeni benki iliyotoa kadi kuhusu kupinga malipo kwa sababu huduma haikulingana na maelezo. Mitandao mikubwa ya kadi kwa kawaida huruhusu hadi siku 120 kwa madai ya aina hii, lakini benki yenu inaweza kuwa na taratibu kali zaidi, hivyo msingoje. Benki itataka kuona kwamba mlijaribu kwanza kumalizana na hoteli, na barua yenu pamoja na jibu lake fupi vitatosha kwa hilo. Itawabana kwa jambo moja: mlilala hapo hadi mwisho. Ndiyo maana nawashauri msidai bei yote. Daini ada ya ziada irejeshwe nzima, na daini sehemu ya bei ya kila usiku kwa sababu ya maji ya moto na ukungu, mkitaja kiasi mahususi na siku ya mwisho ya kujibiwa. Dirisha na ukubwa wa bafu mviache nje ya dai, isipokuwa kama picha au maelezo ya chumba yaliahidi kinyume chake, kwa kuwa vitawapa nafasi ya kurudia wimbo wa jengo la kihistoria.

Barua mpya iwe ya ukurasa mmoja, nayo iende kwa meneja mkuu. Nakala ipelekeni kwa kampuni inayomiliki jina lililo juu ya mlango, kama hoteli ni ya mtandao wa hoteli nyingi. Wageni wengi hawajui kwamba mwenye jengo, mwenye jina na anayeendesha shughuli za kila siku mara nyingi ni watu watatu tofauti, na kwamba mwenye jina ndiye mwenye wasiwasi mkubwa kuliko wote kuhusu sifa yake.

SWALI: Hoteli niliyolala ilijitangaza kuwa ya nyota nne, lakini vyumba vyake vilikuwa vimechakaa kuliko vya hoteli ya nyota tatu niliyowahi kufikia. Nani hutoa nyota hizi, na mbona haziondolewi?

JIBU: Hakuna chombo kimoja duniani kinachotoa nyota za hoteli. Katika nchi nyingine hutolewa na serikali, kwingine na chama cha wenye hoteli, na kwenye mitandao ya kuweka nafasi mara nyingine huwekwa na mtandao wenyewe au na hoteli inayojitangaza. Baadhi ya vyama vya Ulaya viliungana mwaka 2009 kuunda Hotelstars Union ili nyota ziwe na maana ileile katika nchi wanachama, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina vigezo vya pamoja vya kupanga madaraja ya hoteli, lakini sehemu kubwa ya dunia haina makubaliano ya namna hiyo.

Jambo linalowapotosha wasafiri ni kwamba vigezo vingi hupima vitu vilivyopo kuliko hali yake. Lifti ipo, mapokezi hufanya kazi saa nyingi, huduma ya vyumbani inapatikana, basi alama zinapatikana, hata kama zulia la chumbani limelika hadi nyuzi. Hoteli kongwe yenye kumbi kubwa hujikusanyia alama kwa urahisi kutokana na sehemu zake za pamoja. Kwa hiyo badala ya kuhesabu nyota, uliza vyumba vilifanyiwa ukarabati mwaka gani, na uliza kama ni vyumba vyote au ni ghorofa chache tu, maana hoteli kubwa hukarabatiwa kwa awamu na picha zinazotangazwa huwa za ghorofa zilizokwisha kukamilika. Ukipewa jibu la jumla kwamba hoteli imekarabatiwa, uliza tena kuhusu aina ya chumba unachokilipia.

SWALI: Nitasafiri na mama yangu mzee, na hoteli tuliyopangiwa ni jengo la tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Baada ya likizo yangu iliyopita kuharibiwa na kunguni, nimekuwa mwoga. Nikague nini tunapofika?

JIBU: Kabla ya kunguni, naomba ukague ngazi. Usiku wa tarehe 7 Desemba 1946 hoteli ya Winecoff ya mjini Atlanta, jengo la ghorofa 15 lililokuwa likijitangaza kwamba haliwezi kuungua, ilishika moto na watu 119 wakafa. Kuta zake kweli zilistahimili moto. Kilichowaua watu ni kwamba palikuwa na ngazi moja tu katikati ya jengo, bila milango ya kuzuia moshi, na hapakuwa na mfumo wa kunyunyizia maji. Mkasa huo ulichochea mabadiliko ya kanuni za majengo nchini Marekani, na hoteli nyingi za zamani zimeongezewa ngazi na vinyunyizio tangu wakati huo, ila si kila mahali. Mkifika, tembea mwenyewe kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa ngazi za dharura, hesabu milango iliyopo katikati ili uweze kuifuata hata gizani, kisha sukuma mlango wa ngazi uone kama unafunguka. Hakikisha chumba kina king'ora cha moshi. Kwa ajili ya mama, omba ghorofa ya chini kadiri inavyowezekana, ukieleza sababu wakati wa kuweka nafasi na ukikumbusha siku moja kabla ya kuwasili. Lifti za majengo ya zamani ni chache na nyembamba, zikiharibika hungojewa, na siku ya moto hazitumiki kabisa.

Kunguni hawachagui umri wa jengo wala idadi ya nyota, kwani husafirishwa na mizigo ya wageni. Acha mabegi bafuni, mbali na kitanda na zulia, uinue shuka kwenye pembe za godoro na kuchunguza mishono yake, halafu umulike nyuma ya ubao wa kichwa cha kitanda. Kunguni mzima ana urefu wa milimita tano hivi na anaonekana kwa macho. Anayejificha huacha vidoa vyeusi vya kinyesi na maganda ya rangi ya kahawia hafifu. Ukivikuta, usikubali chumba cha pembeni wala kilicho juu au chini ya hicho, maana hupenya kwenye nyufa na njia za nyaya. Hawajulikani kueneza magonjwa kwa binadamu, ila kurudi nao nyumbani ni adhabu ndefu, hivyo nguo za safari zinazovumilia joto zikaushwe kwenye mashine kwa joto kali kwa nusu saa kabla ya kuingia kabatini.

Mwisho, kabla mama hajaoga, fungua mabomba ya maji ya moto na ya baridi kwa dakika chache, bomba la mvua ukiliacha litiririke taratibu na wewe ukitoka bafuni. Chumba kilichokaa bila mgeni huwa na maji yaliyosimama, na wazee ndio wanaodhurika zaidi na bakteria niliyemtaja katika jibu la kwanza.

SWALI: Nimeandika tathmini kali kuhusu hoteli iliyoniharibia likizo, lakini sijaichapisha. Naogopa wahudumu, ambao walikuwa wema, wasije wakafukuzwa kazi. Nifanyeje?

JIBU: Woga wako unatokana na utu, na usiupuuze. Ichapishe, lakini iandike kwa namna ambayo lawama itamfikia anayestahili. Usitaje jina la mhudumu yeyote unapoeleza kasoro, wala kumwelezea kwa sura au zamu yake. Mtaje kwa jina yule tu unayemsifu, ikiwa una hakika kwamba sifa hiyo haitamtia matatani, kwa mfano kwa kufichua kwamba alikupa kitu kinyume cha utaratibu. Kasoro za jengo na za usimamizi ziandike kwa undani: ghorofa, upande wa jengo, mwezi uliokaa, aina ya chumba, ulimwambia nani kwa cheo chake na ulijibiwa nini. Msomaji anayepanga safari hawezi kufanya lolote na sentensi inayosema hoteli ni mbaya, lakini akiambiwa kwamba vyumba vya upande wa ndani havina mwanga na kwamba vile vya upande wa barabara ni vizuri, ataweza kuomba kinachomfaa, na hoteli itakuwa imetendewa haki.

Andika ulichokiona na kukisikia, usiandike unachokikisia. Kusema kwamba dari ilikuwa na doa jeusi lenye harufu ni kutoa ushahidi. Kusema kwamba wenye hoteli wanaficha magonjwa ni kutoa tuhuma, na inaweza kukuletea barua ya mwanasheria. Hoteli ikikurejeshea fedha baada ya tathmini kuonekana, ongeza chini yake sentensi inayosema hivyo pamoja na tarehe. Wakikuambia kwamba watalipa ikiwa tu utaifuta yote, kataa kwa maandishi, uitunze barua yao, na uupelekee mtandao uliochapisha tathmini yako nakala ya ombi hilo, kwa kuwa mitandao mikubwa ya tathmini hukataza kununua ukimya wa mgeni kwa njia hiyo.